Hukumu ya Farasi wa Pembeni

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mlinzi wa zamu na fundi cherehani. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kulia. Alitazama kwanza dari, kisha ukuta, kisha uso wa mkunga, ndipo akatoa sauti. "Alikuwa anakagua," mama alisema. "Pasingemridhisha, angerudi." Mwaka 1963 alizaliwa mdogo wake, na huyo alianza kulia kabla hajamaliza kutoka. Ndivyo walivyobaki maisha yao yote: mmoja hatoi neno mpaka ameangalia kila pembe, mwingine ameshamaliza safari wakati wenzake wanafunga viatu.

Shuleni marehemu alikuwa mtoto wa majibu sahihi na mitihani isiyokamilika. Walimu walimnyang'anya karatasi kalamu ikiwa bado mkononi. Hata hivyo alifika sekondari, na kati ya mwaka 1976 na 1978 alisoma chuo cha ufundi, idara ya umeme na mitambo, akatoka fundi wa lifti. Katika maktaba ya chuo hicho ndipo alipoukuta mchezo wa sataranji. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani na mfuko wa vyuma chakavu kutoka karakana: nati kubwa zikawa ngome, skrubu ndogo zikawa askari, bolti mbili ndefu zikawa mfalme na malkia. Farasi mmoja alikosa chuma cha kumfaa, kwa hiyo marehemu alichukua bawaba ya kabati, akaibana kwenye jiliwa, akaikunja mpaka ikapata shingo.

"Huyu mbona ana nundu?" mdogo wake aliuliza.

"Ni farasi."

"Farasi gani huyu, kaka? Huyu ni mgonjwa."

Kwa farasi huyo mgonjwa, mdogo mtu alimfunga kaka yake kabla likizo haijaisha. Marehemu hakuona haya kulisema. Mkono wake katika sataranji ulikuwa mzito. Saa ya mchezo ilimwishia akiwa bado anapima hatua ya kumi. Lakini ukimpa hali iliyokwisha kupangwa ubaoni, ukamwacha peke yake bila saa, aliona mambo ambayo wachezaji wenyewe hawakuyaona. Kila mtu na kipawa chake.

Mwaka 1979 aliajiriwa na kampuni ya matengenezo ya lifti, na huko alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2017. Wakazi wa lile jengo la ghorofa kumi na nne karibu na posta ya zamani wanamkumbuka kwa sauti yake zaidi ya sura, maana mara nyingi walimsikia kabla ya kumwona. Mama mmoja aliwahi kukwama kati ya ghorofa ya saba na ya nane akiwa na magodoro mawili, akapiga mayowe kwamba anakufa. Marehemu alilala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango. "Mama, lifti haianguki. Imechoka tu, kama wewe. Lalia hilo godoro moja, nakuja." Alipoufungua mlango alimkuta mama amelala kweli, anakoroma. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeumia katika lifti aliyoisaini yeye. Hili lisemwe wazi, kwa sababu linalofuata halilifuti, wala lenyewe halilifuti linalofuata.

Miaka hiyo mashindano ya chama cha sataranji yalifanyika katika ukumbi wa maktaba, na maktaba ilifungwa saa kumi na mbili jioni, upende usipende. Mlinzi alizima taa watu wakiwa wameshika kete hewani. Mchezo ambao haukuwa umeisha ulipelekwa kwa mwamuzi. Yeye aliitazama hali ilivyoachwa ubaoni, akatafuta hatua bora kabisa kwa upande mmoja na jibu bora kabisa la upande wa pili, mpaka mwisho, halafu akatangaza: nyeupe imeshinda, nyeusi imeshinda, au sare. Hukumu haikukatiwa rufaa. Kuanzia mwaka 1982 mwamuzi huyo alikuwa marehemu, na hakuna aliyemlalamikia.

Jumamosi ya tarehe 28 Novemba 1987 ilikuwa fainali. Aliyeshika kete nyeusi alikuwa mwalimu wa fizikia, ambaye sare ilimtosha kuwa bingwa. Aliyeshika kete nyeupe alikuwa mdogo wa marehemu, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye alihitaji ushindi. Bingwa ndiye angekwenda nje kuiwakilisha nchi, na mdogo mtu alikuwa ameshaazima sanduku la safari. Taa zilipozimwa mchezo ulikuwa haujaisha.

Katibu wa chama alimvuta marehemu pembeni. "Fundi, hapa pagumu. Huyu ni ndugu yako wa tumbo moja. Tumwite mtu mwingine?"

"Mna wasiwasi na mimi?"

"Sisi hatuna. Watu ndio wana midomo."

"Nipeni ubao," alisema marehemu.

Hapo ndipo alipokosea kwa mara ya kwanza, na alikiri mwenyewe kwamba kosa hilo lilizaliwa na kiburi. Alitaka watu wamwone akiwa mwadilifu mahali ambapo uadilifu ulimtaka akae pembeni.

Walimpa chumba kidogo cha kubandikia vitabu vilivyochanika, chenye harufu ya gundi na dirisha moja. Kwa asiyeujua mchezo, hali ilikuwa hivi. Kete zilikuwa zimebaki chache. Mwalimu alikuwa na askari aliyekaribia mwisho wa ubao, na askari akifika mwisho hugeuka malkia. Mdogo mtu naye alikuwa na askari wake upande wa pili, mbali, na farasi mmoja. Kila aliyekuwa ukumbini aliona kitu kimoja: farasi amle yule askari, mfalme mweusi amle farasi, kisha mfalme huyo awahi kurudi kumzuia askari mweupe. Hakuna wa kumfunga mwenzake. Sare.

Marehemu naye aliona hivyo kwanza. Kisha akafanya kama kawaida yake, akajaribu na hatua ambazo mtu mwenye akili hazijaribu. Akamrudisha farasi nyuma, akamweka kwenye pembe ya mwisho ya ubao, mahali pasipo na kazi, mbele ya yule askari, kama anayejitoa aliwe. Askari amezibiwa njia, kwa hiyo mfalme mweusi hana budi kumfuata farasi huko pembeni, na kule ni mbali. Akishamla, amejifungia: nyuma yake ukuta, mbele yake askari wake mwenyewe. Wakati huo askari mweupe ameshafika, amekuwa malkia, na mfalme anafungwa palepale alipoingia kula. Marehemu alirudia mara nyingi. Hapakuwa na jibu. Nyeupe ilikuwa imeshinda.

Alisimama kwenda kusema. Mkono ukiwa kwenye kitasa, alimsikia mtu upande wa pili wa mlango akicheka: "Nyie mnasubiri nini? Mshindi tunamjua. Mtu na mdogo wake!" Na wengine wakacheka naye.

Marehemu alifungua mlango. Alisema, "Sare."

Mmoja akapiga makofi, na wote wakafuata, mpaka mlinzi wa maktaba akaja kuuliza kuna nini. Wakasema hawajaona mtu wa namna hii, anayemkata ndugu yake mchana kweupe. Jioni hiyo ndipo alipopewa jina ambalo wengi wenu mlimjua nalo, Jaji, na ambalo wengine leo asubuhi mmeuliza kwa nini halimo kwenye jalada la ratiba.

Mdogo wake hakulalamika. Aliuliza neno moja tu, wakiwa kwenye ngazi za maktaba. "Umeangalia vizuri, kaka?"

"Nimeangalia."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa ameangalia vizuri sana.

Mtu anayempendelea ndugu yake tunamjua, tunamkemea. Huyu mwingine, anayemdhulumu ndugu yake ili asifiwe kwamba hapendelei, tunampigia makofi. Haki inayochungulia kwanza mlangoni kuona watu wanasemaje si haki. Ni woga uliopiga pasi shati lake. Maneno haya ni makali kusomwa mbele ya jeneza, lakini marehemu aliyasikia yakisomwa akiwa kitandani, akaombwa aseme kama yapunguzwe, akajibu, "Acha hivyo hivyo."

Mdogo wake alirudisha sanduku la watu na hakugusa tena sataranji. Akawa dereva wa lori la maji, kazi anayoifanya hadi leo. Mwalimu wa fizikia alikwenda huko nje, akafungwa michezo yote isipokuwa mmoja, akarudi na koti zito alilolivaa hata wakati wa joto.

Tarehe 15 Aprili 1989 marehemu alifunga ndoa na mke wake, mpiga chapa katika ofisi ya wakili. Wakajaliwa binti wawili. Katika sherehe ya harusi mdogo wake ndiye aliyesimama kusema, na alikuwa na maneno kama kawaida yake. "Shemeji, umepata mume. Lakini ukigombana naye usimtegemee akuonee huruma. Mimi mwenyewe alinikata, na nilinyonya ziwa lile lile alilonyonya yeye!" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mkewe alisema aliutazama mkono wa bwana harusi juu ya meza, ukaanza kuikunja karatasi ya kufutia mikono, ukaikunja mpaka ikawa ndogo kama kidonge. Hakuelewa. Akadhani ni haya ya siku ile.

Baadaye aliona kwamba kila mtu akiita "Jaji!" mitaani, mume wake aliinua mkono kuitikia na uso ukaangalia kwingine. Aliona pia kwamba mwaka uliofuata aliacha kazi ya uamuzi wa sataranji, akasema macho yamechoka, ilhali macho hayo hayo yaliona waya uliochakaa gizani katika shimo la lifti. Na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alipanga ubaoni zile kete chache, sikuzote namna ile ile.

"Baba, si ulishaimaliza hiyo?" binti mkubwa aliuliza utotoni.

"Bado namtafutia mweusi njia."

Hiyo ndiyo iliyokuwa toba yake, na ilikuwa toba ya ajabu. Hakutafuta ushindi wa mdogo wake, huo alikuwa nao. Alitafuta hatua bora ya mwalimu, hatua moja tu ambayo ingemwokoa mweusi, ili ile sare iwe kweli, ili ajikute aliamua sawa bila kujua. Mtu hutafuta hivyo dawa ya mgonjwa wake. Alimhamisha mfalme huku na kule, alisogeza askari, alijaribu ujinga na alijaribu werevu. Kila Jumapili farasi wa pembeni alishinda.

Mwaka 2015 binti mdogo alimwekea ile hali kwenye simu, katika programu ya sataranji. Simu ilijibu kabla baba hajavaa miwani: farasi pembeni, nyeupe inashinda.

"Iulize tena," alisema.

"Ni hiyo hiyo, baba. Mashine haibadilishi mawazo. Kwani ulitaka iseme nini?"

"Nilitaka nikosee," alisema, akaenda nje kukagua bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mwezi Septemba 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Familia inawashukuru wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, waliompokea mara tatu kwa wiki na kuvumilia ushauri wake kuhusu lifti yao. Mapema mwaka huu hali ilizidi, akalazwa. Siku ya Jumapili, tarehe 28 Aprili 2024, alimtuma mke wake ampigie simu shemeji yake aje, kisha yeye mwenyewe alete ubao kutoka nyumbani.

Mdogo alikuja na chupa ya chai na kelele zake. "Jaji! Wanakulisha hawa? Mbona umekuwa mwembamba kama waya wa simu?" Akatupa funguo za lori juu ya shuka. Marehemu alizitazama. Zilikuwa zimefungwa kwenye bawaba ya kabati iliyokunjwa shingo.

"Hii bado unayo?"

"Mgonjwa huyu hafi, kaka. Ameshaniharibia mifuko ya suruali kumi."

Marehemu akapanga kete kwenye meza ya chakula ya wagonjwa. "Nyeupe inacheza. Tafuta."

Mdogo hakutafuta. Alinyoosha mkono palepale, akampeleka farasi kwenye pembe. "Hii naijua tangu mwaka themanini na nane. Nilikuwa nasubiri lori lijae maji, ikanijia. Nikataka nije mbio nikuambie. Halafu nikasema, aa, kaka akijua aliikosa, na jina lote lile walilompa, si atakufa kwa aibu? Nikanyamaza. Binadamu hukosea."

"Sikuikosa."

"Eti?"

"Sikuikosa, mdogo wangu. Niliiona siku ile ile, ndani ya kile chumba. Nilishika kitasa nikiwa nayo. Nikasikia wanacheka, nikaogopa."

Mke wa marehemu, aliyekuwa akikunja nguo miguuni pa kitanda, ndiye shahidi wa yaliyofuata. Anasema shemeji yake hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Aliokota funguo zake. "Miaka thelathini na sita," alisema, "nakutunzia aibu, kumbe nakutunzia uongo." Akaondoka. Chai aliiacha.

Siku nne zilizofuata marehemu hakulala vizuri. Mkewe alimwambia, "Ungekufa nayo, nani angejua?" Akajibu, "Ningeenda kulala na jina la watu." Na sisi watu wa nyumbani tuliosikia tulijiona wadogo, kwa sababu jina hilo tulilitumia wote. Tulifunguliwa milango kwalo, tulisifiwa kwalo shuleni na kazini, ndugu wa Jaji, binti wa Jaji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mtu wa lori la maji kwa nini hachezi tena.

Alhamisi jioni mdogo alirudi. Hakusalimu. Alivuta meza, akapanga kete mwenyewe, na mahali pa farasi mweupe akaiweka ile bawaba, amezitoa funguo. Akaisukuma mpaka pembeni.

"Toa hukumu."

Marehemu alivaa miwani. Aliangalia ubao wote, kama alivyoangalia kila kitu, ingawa hakukuwa na cha kutafuta. "Nyeupe imeshinda."

"Sikusikia."

"Nyeupe imeshinda. Mdogo wangu alishinda."

Muuguzi alisimama na trei yake mlangoni, asijue aingie au arudi.

"Mimi nimesikia, shemeji amesikia, na huyu dada wa sindano amesikia," mdogo alisema. "Hatutoshi. Sisi hatukupiga makofi siku ile. Waliopiga makofi ndio wasikie."

"Watakuja kunizika. Watasikia hapo."

"Utakuwa umekufa, kaka. Utakuwa umekimbia tena."

"Basi nimwite katibu kesho."

Na alimwita. Katibu wa chama, ambaye yupo hapa nasi na fimbo yake, aliletwa kitandani siku ya Ijumaa, akasikia, akalia, akaenda kulirekebisha jina kwenye ubao wa mabingwa. Mwalimu wa fizikia alikwisha tangulia mbele ya haki. Mjane wake alipelekewa habari kwa heshima, akasema mume wake siku zote alishangaa kuponea pale.

Lakini jioni ile ya Alhamisi marehemu alikuwa bado na ombi. "Umenisamehe?"

"Hilo usiliamue wewe," mdogo alisema. "Umeshaamua vya kutosha."

Kisha akaomba maji ya moto na wembe, akamnyoa kaka yake ndevu zilizokuwa zimeota siku nyingi, polepole, yeye ambaye hajawahi kufanya jambo polepole. Alirudi kumnyoa kila baada ya siku mbili. Hawakucheza tena na hawakulizungumza tena. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, uso wake ukiwa safi.

Alikuwa ameagiza mambo mawili. La kwanza, jina la Jaji lisiandikwe kwenye jalada, msalabani wala kwenye shada la maua lolote. La pili, habari hii isomwe yote mbele yenu. Mke wake alisita, kwa uchungu wa mke. Usiku wa kuamkia leo alituambia, "Someni. Alikaa nayo peke yake muda mrefu mno."

Ameacha mjane, binti wawili, mmoja mhandisi na mmoja mwalimu, wakwe wawili na wajukuu watatu. Ameacha pia mdogo wake wa pekee, dereva wa lori la maji, bingwa wa sataranji wa mwaka 1987, ambaye amelibeba jeneza hili begani kutoka barabarani mpaka hapa na hakukubali kupokewa. Aliulizwa kama angependa kuiweka ile bawaba ndani pamoja na kaka yake. Alisema hapana, funguo zake bado zinaihitaji.

Kwa ninyi mliokuwepo kwenye ukumbi wa maktaba jioni ile: makofi mliyopiga yalikuwa ya mtu mwingine. Amesimama hapa, upande wa miguu ya kaburi.

Naye tunayemlaza, aliyeona vizuri na akaogopa kusema, sasa amesema. Apumzike kwa amani.